Mvua ya Papa Mbele ya Wala Papa

Ubao niliuandika mwenyewe kwa chaki, nikauegemeza kwenye mnazi mbele ya kibanda: LEO SAA 2 USIKU, MVUA YA PAPA, INATAFSIRIWA HAPOHAPO, SH 200. Wa kwanza kunisimamisha alikuwa mzee mmoja Mkatoliki aliyekuwa anarudi kutoka jumuiya, rozari bado iko mkononi. Akasoma polepole, akavua kofia. "Mwanangu, Baba Mtakatifu kapatwa na nini tena?" Hiyo ilikuwa 2014, na Papa Fransisko alikuwa bado mgeni Vatikani. Nikamwambia, hapana mzee, ni papa wa baharini, wananyesha kutoka mawinguni. Akaniangalia kitambo, akairudisha kofia kichwani. "Afadhali hao," akasema, akaenda zake.

Wakati ule nilikuwa na kazi mbili. Mchana nilitengeneza mashine za boti hapa Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, jirani na chuo cha uvuvi: kabureta, propela, plagi zilizoliwa na chumvi. Usiku nilikuwa DJ. Si wa muziki, wa filamu. Yule anayekaa kando ya televisheni na maiki, anapunguza sauti ya Mzungu na kuweka ya kwake.

Kwa asiyewahi kuingia kibanda umiza, nimweleze. Ni banda la mabati au makuti, mabenchi ya mbao za mnazi yasiyo na egemeo, televisheni ya inchi 21 iliyopandishwa juu ili hata wa nyuma waone, deki, spika mbili, na feni moja inayomwelekea mwenye banda. Watu sitini wanakaa mahali pa thelathini. Ukitoka hapo unajinyoosha mgongo, ndipo unalielewa jina.

Televisheni yenyewe kwetu haina umri mkubwa. Unguja ndio waliowahi. Walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sisi wa bara tulingoja hadi 1994, chaneli za watu binafsi zilipoanza. Kabla ya hapo mwenye seti alikuwa anaelekeza antena upande wa bahari. Baba yangu mdogo ya kwake aliifunga kwenye mlingoti wa mashua iliyooza, na kusi ikivuma picha inayumba pamoja na mlingoti. Watangazaji wa Unguja nimewajua wakiwa wameinama upande.

Katika hii kazi ya kutafsiri, aliyetufungulia njia ni Lufufu, jina lake halisi Derek Mukandala. Kanda zake tulizisikiliza kama wengine wanavyosikiliza mawaidha. Mtu mmoja, sauti moja, lakini ndani yake yumo mwanamume, mwanamke, mtoto na jambazi, na juu ya hao yumo Lufufu mwenyewe anayewasema wote. Nasi tulifuata humo humo. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne. Palipokuwa na neno nisilolijua niliziba kwa methali, na palipokuwa na sentensi nzima nisiyoijua nilimfanya mtu alalamikie bei ya sukari. Hakuna aliyewahi kurudishiwa mia mbili yake.

Diski niliipata Kariakoo, zile za filamu ishirini ndani ya moja, zenye picha ya nyoka, mamba, buibui na papa juu ya jalada moja kama familia inayopigwa picha ya arusi. Halali hazikuwa, nakiri. Filamu ya saba humo ndani ndiyo iliyokuwa Sharknado.

Jina limeungwa kutoka vipande viwili vya Kiingereza: papa, na ule upepo wa mzunguko ambao sisi tunauita chamchela. Nilijaribu kuandika Papachamchela, ubao ukaishia njiani.

Filamu hii haikupitia kumbi za sinema kama zinavyopitia filamu kubwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, ikaonyeshwa mara ya kwanza Marekani tarehe 11 Julai 2013 kwenye chaneli ya Syfy, chaneli iliyojijengea jina kwa filamu za kubuni za wanyama waliopotoka: mamba aliyekua kupita kiasi, papa mwenye mikono ya pweza, mbu aliyechanganyika na mtu. Waliotengeneza ni kampuni ya The Asylum ya California, na hiyo ilikwishazoea kutoa filamu za bei rahisi zenye majina yanayokaribiana na ya filamu kubwa zinazotamba, ili mnunuzi asiye makini abebe isiyo yenyewe. Mtu aliyewahi kununua redio Kariakoo hahitaji maelezo zaidi. Mwongozaji ni Anthony C. Ferrante. Mwandishi anaitwa Thunder Levin, na Thunder kwa Kiswahili ni radi. Radi ndiye aliyeandika filamu ya tufani, mimi sikutunga.

Waliipiga kwa siku 18, kwa fedha zisizofika dola milioni 2. Inaonekana. Katika tukio moja gari linakwenda kwenye mvua, kamera ikigeuka jua linawaka, ikirudi mvua. Papa wote wamechorwa kwa kompyuta, na maji mengine pia. Usiku ule wa kwanza waliotazama walikuwa watu kama milioni 1.37, idadi ya kawaida tu kwa chaneli ile. Ila hao waliotazama walikuwa na simu mikononi. Kwenye Twitter ujumbe ulifika karibu 5,000 kwa dakika, kila mtu akimwita mwenzake aje aone upuuzi huu, na iliporudiwa watazamaji wakaongezeka. Sehemu ya pili, ya New York, ilitazamwa mwaka uliofuata na watu karibu milioni 4. Walitengeneza sita kwa jumla, ya mwisho 2018.

Nikisoma habari hizo baadaye niliona jambo moja ambalo wenzetu kule walidhani wamelivumbua wao: kutazama filamu mbovu pamoja, kwa kelele, kila mmoja akichomeka neno lake. Kibanda umiza kimekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba wao walikuwa kila mtu sebuleni kwake, nasi tulikuwa tumekaliana mapajani.

Basi usiku wa onyesho banda lilijaa wavuvi. Walikuwemo wa Mbegani, wa Mlingotini, na wengine wa Bagamoyo mjini walioletwa na bodaboda, akiwemo dalali mmoja wa mnada wa samaki mwenye sauti ya kuvuka maji. Nikawasha maiki.

Filamu inaanzia ndani ya meli, baharini karibu na Meksiko. Mabaharia wanakata mapezi ya papa. Nahodha na mnunuzi wanabishana bei ya mapezi, ya kupelekwa kwenye supu. Mimi nilitaka kuipita haraka sehemu hii, kwa sababu papa wa angani walikuwa bado, na mtoto mmoja alikwishaanza kulia njaa ya papa. Mzee aliyekuwa benchi la mbele akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"DJ, wamekata mapezi. Na mwili wanaupeleka wapi?"

Nikamwambia wanautupa, mzee. Ndivyo wanavyofanya huko kwenye meli: pezi lina bei, nyama inajaza meli bure.

"Wanautupa? Mzima?"

"Wakati mwingine akiwa hai."

Banda likanyamaza. Nimetafsiri filamu za majini, za vita, za watu wanaofukuliwa makaburini, na sijawahi kusikia ukimya wa aina ile. Sauti iliyobaki ilikuwa ya feni.

Lazima mtu ajue papa ni nini pwani hii. Papa hatupwi. Nyama inatiwa chumvi, inaanikwa, inakuwa ng'onda. Ikifika jikoni inarowekwa, inachemshwa maji ya kwanza na kumwagwa ili ile harufu kali ya kama mkojo ipungue, inasuguliwa kwa ndimu, halafu inaingia kwenye muhogo wa nazi. Muhogo kwa papa, Ijumaa mchana, na pilipili moja nzima isiyopasuliwa: kuna watu wameacha safari kwa ajili ya sahani hiyo. Ini linapikwa kwenye pipa mpaka litoe sifa, mafuta yanayopakwa mbao za mashua zisiliwe na maji. Ukipita pwani siku wanapika sifa, nguo zako zitasimulia safari yako kwa siku tatu. Na mapezi, ndiyo, yanauzwa, yanapita kwa wanunuzi na kuishia Hong Kong kwenye supu ileile ya ndani ya filamu. Kwa hiyo wazee hawakushangazwa na pezi kukatwa. Kilichowauma ni kitoweo cha kijiji kizima kurudishwa baharini.

Sitaki kuwafanya watakatifu, maana usiku haukuishia kwenye huzuni. Papa wa kwanza alipoanguka kutoka angani, dalali alisimama juu ya benchi. "Elfu hamsini! Hamsini mara ya kwanza! Sitini nani?" Watu wakapokea. Kila papa aliyedondoka Los Angeles aliuzwa Mbegani kabla hajagusa lami. Mmoja aliyeingia kwenye dirisha la nyumba walimshusha bei kwa sababu ya vioo.

Mimi nilijaribu kurudisha hofu. Nikaweka mdomo karibu na maiki, nikanguruma. Mzee wa benchi la mbele akageuka. "DJ, papa hana sauti. Huyo simba." Nikaacha kunguruma. Nikawa nasema "papa anakuja, papa anakuja," akageuka tena. "Papa gani? Papa ni ukoo, si mtu. Kuna pingusi mwenye kichwa cha nyundo, kuna potwe ambaye hata hali watu, anakunywa dagaa kama uji. Wewe unasema papa, papa, kama umemwona mjomba wako kwa mbali." Nusu saa nzima nikawa natafsiri huku nasahihishwa, mpaka nikampa maiki, akakataa.

Kama hujaiona, steringi anaitwa Fin Shepard, anaigizwa na Ian Ziering. Fin kwa Kiswahili ni pezi. Nikamwita Pezi, na jina likampata. Hadi leo kuna kijana mmoja Mlingotini, mpanda ngalawa mzuri sana, anaitwa Pezi, na wengi hawajui chanzo chake. Pezi ana baa ufukweni. Tufani inapiga, maji yanaingia mitaani na papa wake, na yeye na wenzake wanakwenda kumtafuta mkewe waliyeachana na watoto wao. Njiani kuna basi la shule la kuokoa, na dereva wake anakufa kwa kuangukiwa na herufi moja ya lile bango kubwa la Hollywood. Hapo sikutafsiri chochote. Mtu mmoja aliuliza tu, "Herufi gani?"

Kisha chamchela tatu zinasimama baharini, papa wamo ndani wanazunguka kama nguo kwenye beseni la kufulia. Dawa wanayoipata ni kupanda helikopta na kutupa mabomu ndani ya upepo. Hapa kibanda kilivunjika. Mnakumbuka hali ya pwani yetu miaka ile: uvuvi wa baruti ulikuwa umeenea, milipuko ikisikika mchana kweupe, wengine wakikamatwa, wengine wakipoteza vidole, matumbawe yakigeuka kifusi. Mabomu yalipoanza kushuka, sauti ikatoka gizani nyuma kabisa: "Kumbe na Wamarekani wanavua kwa baruti!" Walicheka mpaka benchi moja likakatika. Nilisimamisha deki, tukaliegemeza kwa tofali, tukaendelea.

Na mwisho. Papa mkubwa anashuka kutoka juu, mdomo wazi. Pezi anawasha msumeno wa mashine, ule wa kukatia magogo, anakimbia, anajirusha mwenyewe kinywani na kumezwa. Kimya. Kisha msumeno unatokeza tumboni, Pezi anatoka mzima ametapakaa damu, halafu anaingiza mkono na kumtoa Nova, msichana aliyemezwa mapema zaidi, angani, na papa huyohuyo. Mtoto wa mbele akapiga kelele, "Nabii Yunus!" Mzee hakugeuka hata. "Yunus alitubu," akasema. "Hakuwa na msumeno."

Nimeitafsiri mara nne baada ya hapo na sijapata mstari bora kuliko huo.

Sasa niseme ninalofikiri mimi. Filamu ile inaitwa ya kutisha, na haikumtisha mtu hata mmoja mle ndani, kwa sababu mbili. Ya kwanza inamhusu yeyote anayetengeneza filamu. Mwaka 1975 Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, filamu ya papa iliyozaa zote hizi, papa wake wa mitambo alikuwa anaharibika kila akiingia maji ya chumvi. Fundi wa mashine za boti namwelewa kabisa. Kwa kuwa papa hakupatikana, Spielberg alionyesha maji tu, pezi tu, boya linalozama tu, na watu wakaogopa hata kuoga. Sharknado ina papa wengi kuliko maji. Kitu ukikiona mara mia kwa saa moja na nusu, unaanza kukipangia bei.

Nguvu ya kisichoonekana niliijua nikiwa mtoto. Mjomba wangu alikuwa mtu wa jarife, ule wavu wa macho mapana unaotegwa jioni na kuachwa usiku, wavu wa papa, taa na nduwaro. Nilitoka naye nikiwa darasa la sita, usiku usio na mwezi, wakati maji yanawaka ukiyatikisa. Tulianza kuvuta. Kamba ikawa nzito, nzito kweli, watu wazima wawili wakiguna. Kisha ikawa nyepesi ghafla. Wepesi ule ndio uliomnyamazisha mjomba. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Toa mkono ukingoni." Nikautoa. Tukakaa. Sikuona kitu, maji yalikuwa meusi na yametulia. Halafu kitu kikagusa ubavu wa mashua kwa chini, kikaupitia kutoka tezi mpaka omo bila haraka, kikikwaruza, kama mtu anayepitisha msasa kwenye mlango wakati wenye nyumba wamelala. Ngozi ya papa ndivyo ilivyo. Asubuhi wavu ulikuwa na tundu ambalo mabega yangu yalipita. Papa mwenyewe sijamwona hadi leo, na ndiye pekee aliyewahi kunitisha.

Sababu ya pili ni kwamba hofu ina wenyewe. Kwenye diski ileile kulikuwa na filamu ya mamba iitwayo Primeval, ya 2007. Hiyo ilipitia sinemani, na ilipotangazwa Marekani walificha kuwa inamhusu mnyama. Walisema ni muuaji wa watu wengi kuliko wote, aliyewahi kuwepo kweli. Anayezungumziwa ni Gustave, mamba wa Burundi, wa Mto Rusizi na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Jina alipewa na Mfaransa Patrice Faye aliyeishi huko akimfuatilia. Wakajenga tundu kubwa la chuma kumtega, televisheni zikapiga picha, filamu ya ukweli ikatoka 2004. Tundu lilibaki tupu. Wanaosimulia wanamhesabia watu hadi 300, hesabu ambayo hakuna aliyekaa kuithibitisha. Ile filamu ya kubuni walikwenda kuipiga Afrika Kusini.

Niliiweka usiku mmoja nikidhani watu watacheka kama kwa papa. Dakika ya kumi fundi mwenzangu, mtu wa Kigoma, alisimama akatoka nje. Nilimkuta baadaye anavuta sigara chini ya mwembe. Akasema, "Kaka, hiyo kwetu si filamu." Na wavuvi wangu nao, waliomnadi papa bila huruma, walikuwa wametulia sana. Hapa tuna mdomo wa Mto Ruvu kaskazini ya mji, na mbele zaidi Wami inayopita Saadani. Ndani ya mito hiyo kuna mamba na viboko, na mtu wa mikokoni hachezi na maji hayo. Papa ni wa bahari, nawe ndiye unayemfuata kwake. Mamba anakungoja pale unapochota maji.

Kimahesabu wavuvi walikuwa sahihi kutomwogopa papa. Duniani kote watu wanaouawa na papa kwa mwaka, kwa wastani, hawafiki kumi. Papa wanaouawa na watu walikadiriwa na wanasayansi mwaka 2013 kuwa kama milioni 100 kwa mwaka. Mwaka huohuo 2013, mwezi Machi, miezi minne kabla Pezi hajawasha msumeno wake, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Bangkok zikaweka papa pingusi wa aina tatu kwenye orodha ya wanyama ambao biashara yao kati ya nchi na nchi lazima iwe na kibali. Mwaka 2022, Panama, wakaongeza aina nyingine nyingi. Peter Benchley, aliyeandika kitabu kilichozaa Jaws, alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa, akijutia sura aliyowapa.

Nimesema papa hakumtisha mtu. Upepo je? Hapo kwenye chamchela, kabla ya mabomu, kuna picha ya bahari kujiinua na kuingia mjini. Vijana walikuwa bado wanacheka. Wazee hawakucheka. Papa hawezi kupaa, hilo kila mtu alilijua. Anapumua kwa maji yanayopita kwenye matamvua, na akirushwa juu kiasi hicho angeshuka akiwa ng'onda. Kuna samaki wadogo waliowahi kunyeshea watu sehemu mbalimbali za dunia baada ya upepo kuwanyanyua, lakini hao ni wa kiganjani. Bahari kuhama mahali pake, hilo ni neno jingine.

Kwa kawaida vimbunga havitufikii. Tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo, na Bukini, yaani Madagaska, imetukingia kifua upande wa kusini mashariki. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu, kikazamisha majahazi na meli za Sultani Barghash, kikavuka mpaka Bagamoyo na kuibomoa misheni ya mapadri iliyokuwa na miaka minne tu. Mwezi uliofuata Stanley alifika hapa akitoka kumtafuta Livingstone, akakuta kifusi. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia. Hapa Mbegani tulivuta boti zote juu, tukazifunga kwa minazi, mashine nikazirundika chumbani kwangu, nikalala nazo kama wake wenza. Usiku ule mzee wa benchi la mbele alipita na tochi kukagua kamba zake. Akaniuliza, "DJ, unadhani watanyesha?"

Kibanda hakipo tena. Vijana wana simu, filamu inakuja na maandishi, hakuna anayemhitaji mtu wa kukisia bei ya sukari. Banda lile sasa linauza vocha na petroli ya chupa. Diski ninayo, ina mkwaruzo pale kwenye helikopta, kwa hiyo kwangu mabomu hayashuki tena.

Wiki iliyopita nilikwenda mnadani kutafuta papa wa muhogo wa Ijumaa. Dalali ni yuleyule, ila sasa hapandi kitu kupaza sauti. Papa walikuwa watatu juu ya turubai. Nilimchukua mkubwa wao, nikampima kwa mkono wangu, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Alitosha dhiraa moja, na mkia.